Ini la Mtoto na Chakula Chake
Mazungumzo juu ya kazi ya Daktari Trowell na wenzake, na faida yake kwa watu wa Garissa



Mtu akifikwa na msiba mzito, Waswahili husema kwamba amekatwa maini. Wazee waliouanzisha usemi huo hawakuwa na darubini wala maabara, lakini walijua kwamba ini ni kiungo kikubwa, na kwamba likidhurika mwili wote hudhoofika. Mazungumzo haya yahusu ini la mtoto mdogo, chakula anachopewa, na kazi ya madaktari waliotumia miaka mingi katika Kenya na Uganda wakitafuta jibu la swali moja: kwa nini mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri huanza kuvimba, na pengine kufa, baada ya kuachishwa ziwa, hali nyumbani kwao anashibishwa kila siku?

Jambo hili si hadithi ya zamani tu. Katika Garissa, Wajir na Mandera ukame huja, huondoka, kisha hurudi. Ng'ombe wakifa, na ngamia wakipelekwa mbali kutafuta malisho, maziwa hukatika nyumbani, na mtoto mdogo ndiye wa kwanza kuonyesha dalili. Kwa hiyo yafaa kila mzazi ajue madaktari hao waligundua nini, walikosea wapi, na mafunzo yao yamfaa nini leo.

KAZI YA INI

Ini limekaa upande wa kuume wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima uzito wake hukaribia kilo moja na nusu. Damu itokayo matumboni, iliyochukua chakula kilichokwisha kuyeyushwa, hupita kwanza katika ini kabla ya kuenea mwilini. Basi ini ni mfano wa forodha: kila kinachoingia hupokewa hapo, hukaguliwa, hupangwa, na kupelekwa mahali pake.

Ini huweka akiba ya sukari ili mtu apate nguvu anapokaa na njaa. Hutengeneza nyongo, ambayo husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Hutengeneza sehemu kubwa ya protini zilizomo katika damu. Tena huondoa sumu nyingi zinazoingia mwilini.

Kuna kazi moja ambayo yafaa ikumbukwe zaidi katika mazungumzo haya. Ini hupokea mafuta, kisha huyatuma penginepo mwilini yakatumike. Lakini mafuta na maji havichanganyiki, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mafuta hayawezi kusafiri peke yake. Ni lazima yafungwe pamoja na protini, ndipo yachukulike. Protini hizo ni kama ngamia wa mizigo. Ngamia wakikosekana, mizigo hurundikana ghalani mpaka pakakosekana hata nafasi ya kupita. Hivyo ndivyo ini la mtoto anayekosa chakula bora linavyojaa mafuta. Ni ajabu, lakini ni kweli: mtoto mwenye njaa aweza kuwa na ini lililonona.

UGONJWA WENYE MAJINA MENGI

Ugonjwa wenyewe huwapata hasa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu. Kwanza nyayo na miguu huvimba, kisha mikono na uso. Nywele hupoteza weusi wake, zikawa nyekundu au za rangi ya kutu, nyepesi, na rahisi kung'oka. Ngozi hufanya mabaka na kubambuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Mtoto huwa mnyonge, hataki kucheza, hulia kwa sauti ndogo, na hukataa chakula. Mzazi asiyejua huweza kuutazama uso ule wa mviringo akadhani mtoto amenenepa, kumbe yaliyojaa ni maji.

Watu wa kila nchi walitafuta sababu kwa kadiri ya maarifa yao. Katika Buganda uliitwa obwosi, na watu wakasema kwamba mtoto amedhuriwa na mimba mpya ya mama yake. Miongoni mwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya uliitwa chirwa, na wengi wakaamini kwamba wazazi wamevunja miiko ya ndoa. Imani hiyo ya pili ilileta madhara mawili: mtoto alikosa dawa, na mama aliona haya kumpeleka hospitali, asije akashukiwa. Kwa Kiswahili ugonjwa huu huitwa unyafuzi.

Jina linalojulikana ulimwenguni pote lilitoka Afrika Magharibi. Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaica mwaka 1893, alifanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Mwaka 1933 aliandika juu ya watoto wa huko waliokuwa wakilishwa uji wa mahindi, wakavimba na kufa. Mwaka 1935 aliandika tena, na safari hii akatumia jina walilolitumia akina mama wenyewe katika lugha ya Kiga, yaani kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale walikuwa wameona sawasawa: mtoto huugua anapoondolewa katika ziwa ili kumpisha mwingine, na badala ya maziwa hupewa uji mtupu.

DAKTARI TROWELL AFIKA AFRIKA MASHARIKI

Daktari Hugh Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akaja Kenya mwaka 1929 katika kazi ya udaktari wa Serikali. Mwaka 1935 alihamia Uganda, akatibu wagonjwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kuwafundisha vijana wa Makerere waliokuwa wakisomea udaktari.

Watoto waliovimba aliwaona Kenya, akawaona tena Uganda. Mwanzoni alidhani wana pelagra, ugonjwa unaowapata watu wanaokula mahindi peke yake na kuwaharibu ngozi. Ndiyo maana katika maandishi yake ya miaka ya 1930 aliuita ugonjwa huo pelagra ya watoto. Mwaka 1937 ilivumbuliwa Marekani kwamba vitamini iitwayo niasini huponya pelagra. Madaktari wakaitumaini dawa hiyo. Watu wazima wenye pelagra walipona, lakini watoto waliovimba hawakupona. Basi ilikuwa dhahiri kwamba huu ulikuwa ugonjwa mwingine.

Daktari Trowell hakung'ang'ania jina la kwanza. Mwaka 1945 yeye na Daktari E. M. K. Muwazi wa Mulago walitoa maandishi ambayo ndani yake waliuita ugonjwa huu utapiamlo wa kufisha. Yafaa jina la Daktari Muwazi likumbukwe, kwa kuwa utafiti huu haukuwa kazi ya wageni peke yao. Bila ya madaktari, wauguzi na wakalimani Waafrika walioweza kuzungumza na akina mama na kujua mtoto alikula nini, wakati gani, na nani alimlisha, darubini isingeweza kusema neno.

KILICHOONEKANA KATIKA DARUBINI

Mwenzao mwingine alikuwa Daktari J. N. P. Davies, aliyekuwa akichunguza miili ya waliofariki ili kujua sababu. Mwaka 1948 alieleza aliyoyaona. Kongosho, kiungo kinachotoa maji ya kuyeyushia chakula, kilikuwa kimesinyaa. Ini nalo lilikuwa kubwa, la rangi ya manjano, limejaa mafuta. Hivyo ilifahamika kwa nini mtoto aliyekwisha kuugua hawezi kuponywa kwa kushibishwa tu: viungo vya kuyeyusha na kupokea chakula vyenyewe vimeharibika.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, Daktari John Waterlow alikuwa akiwachunguza watoto wa visiwa vya West Indies. Taarifa yake ya mwaka 1948 ilihusu ini lenye mafuta kwa watoto wachanga. Kwa kutumia sindano maalumu aliweza kutoa kipande kidogo mno cha ini la mtoto aliye hai, akakitazama kwa darubini, na baada ya majuma kadhaa ya matibabu akatoa kingine na kulinganisha. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba mtoto akilishwa vizuri mafuta hupungua kidogo kidogo, na ini hurudia hali yake.

Habari hiyo ilikuwa njema kuliko ilivyotazamiwa. Madaktari wengi walikuwa wakihofu kwamba ini lililojaa mafuta utotoni lingekuja kuwa gumu na lenye makovu ukubwani, na kwamba huko ndiko ilikotoka saratani ya ini iliyokuwa ikiwaua Waafrika wengi. Miaka ilipopita, hofu hiyo ilionekana haina msingi. Mtoto aliyepona unyafuzi kwa kawaida ini lake hupona pia. Saratani ya ini ilikuwa na asili nyingine, kama itakavyoelezwa mbele.

Daktari R. F. A. Dean alijiunga na kazi ya Mulago, akasimamia kituo cha kuchunguza utapiamlo wa watoto. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kiitwacho Kwashiorkor, kilichokusanya yote yaliyojulikana wakati huo. Kabla yake, mwaka 1952, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na chakula yalikuwa yametoa taarifa ya Bwana Brock na Bwana Autret, waliosafiri katika nchi nyingi za Afrika wakiutafuta ugonjwa huu, na karibu kila walikopita waliuona.

MAZIWA, NA KOSA LILILOFUATA

Dawa ya kwanza iliyoleta matumaini ilikuwa maziwa. Mtoto aliyelishwa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta aliweza kupona. Lakini maziwa hayapatikani kila mahali, hasa katika nchi ambazo watu hula ndizi, muhogo au mahindi na hawana ng'ombe. Mwaka 1952 Daktari Dean aliandika juu ya kuwatibu watoto kwa maziwa pamoja na protini za mimea, na kuonyesha kwamba vyakula vya shambani navyo vyaweza kusaidia. Somo hilo ni la thamani hata leo kwa mtu asiye na mfugo.

Hata hivyo, kazi njema yaweza kuzaa makosa. Kwa kuwa maziwa yaliponya, watu wengi walishika imani kwamba ugonjwa wote watokana na upungufu wa protini peke yake, na kwamba protini ikizidishwa, mtoto atapona upesi zaidi. Mwaka 1974 Daktari Donald McLaren, aliyewahi kufanya kazi Tanganyika, aliipinga imani hiyo kwa maneno makali katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Alisema kwamba ulimwengu umeshughulikia protini mno hata ukasahau kwamba watoto wengi hawapati chakula cha kutosha cha namna yoyote.

Mahospitalini nako lilipatikana funzo chungu. Mtoto aliyedhoofika sana akipewa chakula kizito siku ya kwanza, huweza kufa. Moyo wake, figo zake na ini lake haviwezi kuubeba mzigo huo. Ni kama mfugo uliokaa na kiu siku nyingi: mchungaji mwenye akili hauachi unywe mpaka utosheke kwa mara moja.

Kutokana na funzo hilo matibabu yaligawanywa katika hatua mbili, kama yalivyoelezwa katika kitabu cha mafunzo cha Shirika la Afya Ulimwenguni cha mwaka 1999. Katika hatua ya kwanza mtoto hupewa maziwa mepesi yaitwayo F-75, ambayo kila mililita 100 zina kalori 75 na protini kidogo tu. Hupewa kidogo kidogo, mchana na usiku, kila baada ya saa mbili au tatu. Huzuiwa asipate baridi, na hupewa dawa za kuua vijidudu, hata kama hana homa, kwa maana mwili dhaifu hauna nguvu ya kuonyesha homa. Dawa ya kuongeza madini ya chuma haitolewi siku za mwanzo, kwani wakati huo huweza kudhuru. Uvimbe unapoanza kupungua na hamu ya chakula kurudi, ndipo mtoto huingia hatua ya pili ya kupata chakula chenye nguvu zaidi, kama maziwa ya F-100.

Mwaka 1996 Daktari André Briend wa Ufaransa na wenzake walitengeneza chakula laini cha karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini, kilichotiwa katika pakiti. Pakiti moja ina kalori zipatazo 500. Chakula hiki hakihitaji kupikwa wala kuchanganywa na maji, kwa hiyo vijidudu vya maji machafu havipati njia. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali, lakini mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mzito, aweza kutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula hicho. Kwa mama wa kijiji kilicho mbali na hospitali, mwenye watoto wengine wa kutunza, jambo hilo ni msaada mkubwa.

UTAFITI HAUJAISHA

Mtu aweza kudhani kwamba baada ya miaka mingi kiasi hiki hakuna kilichobaki kutafutwa. Sivyo. Katika kijiji kimoja, watoto wawili wanaokula chakula cha namna moja, mmoja huvimba na mwingine hukonda bila kuvimba. Katika Malawi hata mapacha wa nyumba moja wamechunguzwa kwa ajili hiyo, na taarifa ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba vijidudu wanaoishi matumboni wana sehemu katika jambo hili. Kabla yake, mwaka 2005, zaidi ya watoto 2,300 wa Malawi walishirikishwa katika jaribio la kuzuia unyafuzi kwa vitamini na madini ya kulinda mwili dhidi ya sumu zinazozalika ndani yake. Jaribio hilo halikuzuia ugonjwa.

Juu ya ini hasa, Daktari Robert Bandsma na wenzake walieleza mwaka 2016 kwamba wanyama wa maabara walionyimwa protini hupata madhara katika vile viwanda vidogo vilivyomo ndani ya kila chembe ya ini, ambavyo kazi yake ni kuyachoma mafuta yawe nguvu. Basi si ngamia wa mizigo tu waliokosekana. Hata meko yamezimika. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa Kilifi, Mombasa na Blantyre juu ya watoto zaidi ya 800, ambapo maziwa ya F-75 yalibadilishwa kwa kupunguzwa sukari na wanga. Maziwa mapya hayakuwapa watoto nafuu mapema kuliko ya zamani. Nao Daktari James Berkley na wenzake wa Kilifi walitangaza mwaka 2016 habari za watoto 1,778 waliotibiwa katika hospitali nne za Kenya. Waliokunywa dawa ya kuzuia vijidudu kila siku na waliokunywa kidonge kisicho na dawa walikufa kwa kiasi karibu sawa, yaani kama watoto 14 au 15 katika kila 100.

Hesabu hiyo ni nzito, wala haifai kufichwa. Yamaanisha kwamba mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa amezidiwa kabisa bado yumo hatarini, hata madaktari wakijitahidi vipi. Usalama wake mkubwa ni kutambuliwa mapema.

MAMBO YA GARISSA

Watu wa Garissa wana urithi mwema katika jambo la chakula. Mfugaji aliyemlea mtoto wake kwa maziwa ya ngamia, ya ng'ombe na ya mbuzi amempa kile ambacho Daktari Trowell alikitafuta kwa watoto wa Kampala na hakukipata. Nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta, ni akiba nzuri ya protini. Kandokando ya mto Tana kuna mashamba ya ndizi, maembe, mahindi na mboga.

Lakini urithi huo hukatika wakati wa ukame. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua, ya gu na ya deyr, ilipungua mfululizo, na mifugo wengi wakafa. Hata kabla ya mifugo kufa, wale wanaokamwa huhamishwa na vijana kwenda mbali, na wanaobaki bulani ni akina mama, wazee na watoto wadogo. Hapo chakula cha mtoto huwa anjera na chai ya rangi yenye sukari nyingi. Tumbo hushiba, lakini mwili haupati cha kujengea. Kwa wakati huo nyumba ya mfugaji huwa sawa na ile nyumba ya uji mtupu aliyoiona Daktari Williams.

Watoto wengi wa sehemu hizi hukonda mpaka mbavu zikahesabika, wala si wote wanaovimba. Namna zote mbili ni hatari. Mzazi aweza kuzitambua kwa njia rahisi. Njia ya kwanza ni utepe wa kupimia mkono wa juu wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimeta 11.5, hali ni mbaya sana, na mtoto apelekwe kwa matibabu siku hiyo hiyo; ukiwa kati ya 11.5 na 12.5, amekwisha kuanza kudhoofika. Njia ya pili yahitaji kidole gumba tu. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa muda wa sekunde tatu, kisha ondoa kidole. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mtoto ana uvimbe. Asingojewe siku ya gulio wala kurudi kwa baba kutoka malishoni. Mtoto aliyevimba hutibiwa haraka hata kama mkono wake waonekana mnene.

Kuna desturi ya kumchoma mgonjwa wa ini kwa moto juu ya tumbo. Waliofuata desturi hiyo hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuokoa maisha, nao hawakuwa na dawa nyingine. Lakini jeraha la moto katika ngozi ya mtoto mwenye unyafuzi ni mlango ulioachwa wazi kwa vijidudu, na siku zinazopotea zikingojewa faida yake hazirudi. Tendo la huruma zaidi ni kumpeleka kwenye zahanati au katika hospitali ya kaunti mjini Garissa.

MARADHI MENGINE YA INI

Mbali na unyafuzi, ini lina maadui watatu ambao wazazi wa sehemu hizi wapaswa kuwajua.

Adui wa kwanza ni sumu ya uvundo wa nafaka, iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 317 waliugua ini kwa kula mahindi yaliyooza, na 125 kati yao wakafa. Mahindi ya dukani Garissa hutoka mbali, na mengi husafiri na kukaa muda mrefu. Mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo yasiliwe, wala wasipewe mifugo, kwa kuwa kupika hakuiondoi sumu. Mwaka 1982 Daktari Ralph Hendrickse na wenzake waliandika kwamba waliikuta sumu hii kwa watoto wa Sudan wenye unyafuzi, na tangu hapo wataalamu wamebishana kama yenyewe ni chanzo cha uvimbe au ni ini dhaifu lililoshindwa kuiondoa.

Adui wa pili ni homa ya ini ya aina ya B. Virusi vyake vilianza kujulikana kutokana na kazi ya Daktari Baruch Blumberg wa Marekani miaka ya 1960, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Virusi hivyo, pamoja na aflatoksini, ndivyo asili kubwa ya saratani ya ini ambayo zamani watu waliidhania utapiamlo. Tangu mwaka 2001 chanjo yake imo katika sindano wanazopewa watoto wa Kenya wakiwa na majuma 6, 10 na 14. Mzazi asiyekosa sindano hizo amemwekea mwanawe kinga ya miaka mingi.

Adui wa tatu ni homa ya ini ya aina ya E, iletwayo na maji yaliyochafuliwa kwa kinyesi. Ililipuka katika kambi za Dadaab mwaka 2012. Huwadhuru zaidi wanawake wajawazito. Kinga yake ni vyoo, maji safi na sabuni.

SHAURI KWA WAZAZI

Mtoto apewe ziwa la mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila maji wala chai. Baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka miwili, kama dini ya Kiislamu nayo inavyoelekeza, huku akiongezewa chakula kingine. Uji wake usiwe mtupu: utiwe maziwa yaliyochemshwa, au karanga safi zilizosagwa, au mafuta. Wakati maziwa hayapo, maharagwe, kunde, mayai na vipande vidogo vya nyama huchukua nafasi yake. Chai ya rangi si chakula cha mtoto. Mfugo ukihamishwa, yafaa mbuzi wachache wanaokamwa waachwe nyumbani kwa ajili ya watoto. Uamuzi huo ni wa baba, nao waweza kuokoa uhai.

Aidha, mtoto mwenye unyafuzi asilaumiwe, wala mama yake asitiwe aibu. Daktari Trowell na wenzake walipoufungua ukurasa wa ugonjwa huu hawakukuta uchawi wala laana. Walikuta ini lililolemewa, tumbo lililopewa chakula cha namna moja tu, na mama ambaye hakuna aliyemweleza. Sasa maelezo yapo, utepe upo, na dawa ipo. Kilichobaki ni kwamba kila nyumba ibonyeze miguu ya watoto wake, na isichelewe kwenda inapoona shimo.